Nchi ya Misitu na Watu Wake: Habari za Makabila ya Jharkhand

Mara nyingi watu wa kwetu wakisikia neno "Mhindi" hudhani ya kuwa watu wote wa Bara Hindi ni wa namna moja, yaani wafanya biashara wa mijini wenye maduka ya nguo na viungo. Lakini Bara Hindi ni kubwa mno, na ndani yake wamo watu wengi ambao tangu kale ni wakulima, wawindaji na wafua chuma, wenye koo zao na lugha zao, na mashamba waliyoyafyeka kwa mikono yao wenyewe msituni. Kwa Kihindi huitwa Adivasi, maana yake wenyeji wa kwanza. Tangu mwaka 1950 serikali imeyaandika majina ya makabila yao katika orodha maalum, ili wapate ulinzi wa sheria. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 walionekana kuwa 104,281,034 katika nchi nzima, yaani katika kila watu 1,000 wa Bara Hindi, 86 ni wao.

Hatuwezi kuwaeleza wote katika gazeti dogo kama hili. Basi mwezi huu na tulitazame jimbo moja tu, liitwalo Jharkhand. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika jimbo hilo huonekana wazi jinsi idadi ya watu na haki ya ardhi zinavyofungamana kama uzi na sindano. Pili, huko kuna habari za shule na makanisa ambazo walimu wetu watapenda kuzijua.

Nchi yenyewe

Jharkhand iko upande wa mashariki wa Bara Hindi. Kaskazini yake ni Bihar, mashariki ni Bengal ya Magharibi, kusini ni Odisha, na magharibi ni Chhattisgarh na Uttar Pradesh. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 79,714. Lilikuwa sehemu ya jimbo la Bihar hata tarehe 15 Novemba 2000, lilipotengwa na kuwa jimbo peke yake. Mji wake mkuu ni Ranchi, nalo limegawanyika katika wilaya 24.

Maana ya jina lake ni nchi ya misitu. Sehemu kubwa ni uwanda wa juu uitwao Chota Nagpur. Nchi hiyo si tambarare kama sahani. Imejaa vilima, mawe makubwa, na mabonde ambamo watu hulima mpunga. Mvua huja mwezi wa Juni na kukoma karibu na mwisho wa Septemba. Mti ulio mkuu kuliko yote ni ule uitwao sal, mti mrefu wenye mbao ngumu. Mti mwingine unaopendwa sana ni mahua. Maua yake yenye utamu huanguka usiku wakati wa joto, na alfajiri wanawake na watoto huenda na vikapu kuyaokota. Huyakausha wakayala, au wakayauza, tena hutengenezwa pombe. Msituni hupata pia majani ya kusokotea biri, na utomvu wa wadudu uitwao laki, ambao hutumika kung'arisha mbao.

Hayo ndiyo mali ya juu ya ardhi. Chini ya ardhi kuna mali nyingine: makaa ya mawe, chuma, shaba, boksiti, na hata urani, ambayo huchimbwa huko Jaduguda. Ndugu msomaji, uyakumbuke madini haya, maana ndiyo yaliyowaletea watu wa huko baraka na msiba pamoja.

Idadi yao

Katika hesabu ya mwaka 2011, watu wote wa Jharkhand walikuwa 32,988,134. Katika hao, watu wa makabila walikuwa 8,645,042. Kwa hiyo katika kila watu 100, 26 ni watu wa makabila, yaani zaidi kidogo ya robo. Miaka kumi nyuma, mwaka 2001, walikuwa 7,087,068. Wameongezeka, lakini na wengine wameongezeka vile vile, hata sehemu yao katika jimbo haikukua.

Makabila yaliyomo katika orodha ya jimbo wakati wa hesabu hiyo yalikuwa 32, lakini hayalingani kwa wingi. Manne ni makubwa kupita mengine. La kwanza ni Wasantal, watu 2,754,723. La pili ni Waoraon, watu 1,716,618. La tatu ni Wamunda, watu 1,229,221. La nne ni Waho, watu 928,289. Ukiyajumlisha hayo manne utapata zaidi ya robo tatu ya watu wote wa makabila katika jimbo. Baada yao hufuata Wakharwar, Walohra, Wabhumij na Wakharia, ambao kila kabila ni watu wa karibu laki mbili au zaidi kidogo.

Kisha yako makabila madogo sana. Serikali imeyatenga manane kuwa makabila dhaifu yanayostahili msaada wa pekee, nayo ni Waasur, Wabirhor, Wabirjia, Wakorwa, Waparahiya, Wasavar, na makabila mawili ya Wapaharia. Waasur ni karibu 22,500 tu, Wabirhor karibu 10,700, na Wabirjia karibu 6,300. Kabila la watu 6,300 ni dogo kama watu wa kata moja.

Usidhani kuwa watu hawa wamehamia mijini. Karibu 9 katika kila 10 wao hukaa vijijini. Na elimu inawafikia polepole. Mwaka 2001 waliojua kusoma katika makabila ya Jharkhand, bila kuwahesabu watoto wadogo, walikuwa kama 41 katika kila 100. Mwaka 2011 walikuwa 57. Hayo ni maendeleo makubwa kwa miaka kumi, lakini walimu wajua kwamba 43 waliobaki si wachache.

Mahali wakaapo

Mtu akisoma kwamba robo ya watu wa jimbo ni watu wa makabila, huenda akafikiri kuwa wametapakaa sawasawa kama mbegu zilizotupwa na mpanzi. Sivyo hata kidogo. Wilaya ya Khunti, kusini ya Ranchi, watu 73 katika kila 100 ni wa makabila. Simdega ni 71, Gumla 69, Singhbhum ya Magharibi 67, na Lohardaga 57. Lakini wilaya ya Koderma, upande wa kaskazini, ni mtu mmoja tu katika kila 100. Basi ukitoka kusini kwenda kaskazini katika jimbo lile lile, ni kama umetoka nchi moja ukaingia nyingine.

Na tuanze safari yetu katikati, katika uwanda wa Ranchi. Huku ndiko wakaako Wamunda na Waoraon. Wamunda wako zaidi upande wa Khunti, na Waoraon upande wa magharibi, huko Lohardaga na Gumla. Wamekaa jirani kwa karne nyingi, wanalima mpunga ule ule na kusherehekea sikukuu ile ile ya Sarhul, wakati mti wa sal unapotoa maua. Hata hivyo lugha zao ni mbali sana. Kimundari ni ndugu wa Kisantali na Kiho, na ni wa jamaa kubwa ya lugha ambazo nyingine husemwa mbali mashariki, hata Kambodia na Vietnam. Lakini Kikurukh cha Waoraon ni wa jamaa ya lugha za kusini ya Bara Hindi, kama Kitamil. Jirani huyu na jirani yule wanateka maji kisima kimoja, wala lugha zao hazina ukoo. Upande wa Simdega na Gumla wako Wakharia, nao ni wa jamaa ya Wamunda kwa lugha.

Tukishuka kusini tunafika Singhbhum, nchi ya Waho, na mji wao mkuu ni Chaibasa. Waho walipigana na Waingereza mapema, na katika miaka ya 1831 na 1832 Wamunda na Waho waliinuka kwa vita vilivyoitwa na Waingereza vita vya Wakol. Baada ya hayo Waingereza waliona ni afadhali kuwaachia mamlaka yao wenyewe. Kila kijiji kina mkuu wake aitwaye munda, na juu ya vijiji kadha yuko mkuu aitwaye manki. Desturi hiyo ipo hata leo.

Tukienda kaskazini mashariki, karibu na mto Ganges, tunafika nchi iitwayo Santhal Parganas. Katika wilaya za Dumka na Pakur, watu wa makabila ni 42 au 43 katika kila 100, na walio wengi ni Wasantal. Lakini Wasantal si wa kwanza kukaa huko. Juu ya vilima vya Rajmahal walikuwako Wapaharia, na jina lao maana yake ni watu wa milimani. Waingereza waliwataka Wapaharia washuke wakalime mabondeni, wakakataa. Basi tangu mwisho wa karne ya 18 Wasantal wakaja kutoka kusini, wakafyeka misitu chini ya vilima, wakafanya mashamba mazuri. Hata leo mtu aweza kuona jambo hilo: Wapaharia juu, Wasantal chini. Wapaharia wale waitwao Sauria husema lugha iliyo ndugu wa Kikurukh cha Waoraon.

Mwisho tugeuke magharibi, tupande uwanda wa Netarhat. Huku ndiko kwao Waasur na Wabirjia. Waasur walikuwa wafua chuma hodari; waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya mti katika tanuru ndogo za udongo, na kuvukuta kwa miguu. Kazi hiyo imekwisha, kwa kuwa chuma cha kiwanda ni rahisi, na miti ya makaa haikatwi tena ovyo. Sasa katika uwanda ule ule makampuni huchimba boksiti. Nao Wabirhor hawana wilaya moja. Jina lao maana yake ni watu wa msitu. Husokota kamba kwa magamba ya mimea itambaayo, wakaziuza sokoni, nao wametawanyika vikundi vikundi katika wilaya nyingi.

Ardhi na sheria

Sasa tuje kwenye jambo lililo kiini cha habari hii. Kwa Wamunda wa kale, shamba halikuwa mali ya mtu mmoja. Ukoo wa kwanza kufyeka msitu ndio wenye ardhi, na watoto wa ukoo huo hurithi pamoja. Wafu wa ukoo huzikwa chini ya mawe makubwa mapana, na mawe hayo ndiyo ushahidi wao. Mtu akiuliza, "Ardhi hii ni yenu kwa hati gani?" huonyeshwa makaburi ya wazee.

Lakini mahakama za Waingereza hazikusoma makaburi, zilisoma karatasi. Wakaja wenye mashamba makubwa na wakopeshaji fedha kutoka nje, ambao watu wa huko huwaita diku, wakiwa na karatasi mikononi. Mkulima alikopa mpunga wakati wa njaa, akatia alama ya dole gumba asilojua maana yake, na mwisho shamba likaenda. Sisi Waswahili tuna methali isemayo, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Watu wa Chota Nagpur waliijua kweli hiyo kwa machozi.

Tarehe 30 Juni 1855 maelfu ya Wasantal walikusanyika katika kijiji cha Bhognadih, wakiongozwa na ndugu wawili, Sidhu na Kanhu Murmu. Wakainuka juu ya wakopeshaji, wenye mashamba na serikali. Walipigana kwa upinde na mishale na mashoka, nao askari walikuwa na bunduki. Kufika mwanzo wa mwaka 1856 maelfu walikuwa wamekufa. Hata hivyo serikali ililazimika kuwatengea Wasantal wilaya yao wenyewe.

Kisha kwa Wamunda alitokea kijana aitwaye Birsa, aliyezaliwa mwaka 1875 katika kijiji cha Ulihatu. Alisoma kitambo katika shule ya misheni huko Chaibasa, kisha akaiacha, akawa mhubiri wa dini yake mwenyewe, na watu wengi wakamfuata. Mwisho wa mwaka 1899 wakaanza vita. Mwezi wa Januari 1900 wafuasi wake walipigwa risasi katika kilima cha Dombari, na Birsa akakamatwa. Alikufa katika gereza la Ranchi tarehe 9 Juni 1900, hajatimiza miaka 25. Jimbo la Jharkhand lilipoanzishwa mwaka 2000, ilichaguliwa siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 15 Novemba.

Damu hiyo haikumwagika bure. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya ardhi ya Chota Nagpur, inayozuia ardhi ya watu wa makabila isiende kwa watu wasio wa makabila. Padre mmoja wa Kijerumani, Jean-Baptiste Hoffmann, aliyeijua lugha ya Kimundari na desturi za ardhi kuliko mgeni ye yote, alisaidia katika kuitunga. Mwaka 1949 ikatungwa sheria ya namna hiyo kwa Santhal Parganas. Sheria hizi mbili ndizo ukuta wa nyumba yao. Mwaka 2016 baraza la jimbo lilipitisha mageuzi ya kuzilegeza, ili ardhi ya kilimo iweze kutumika kwa kazi nyingine. Watu wakaandamana. Gavana wa jimbo wakati ule alikuwa Bibi Droupadi Murmu, naye ni Msantal kutoka Odisha. Mwaka 2017 akaurudisha mswada bila kuutia sahihi, na serikali ikauacha. Mwaka 2022 bibi huyo akachaguliwa kuwa Rais wa Bara Hindi, mtu wa kwanza wa makabila kuketi katika kiti hicho.

Lakini ukuta huo una mlango, nao ni mlango wa serikali yenyewe. Ikitaka ardhi kwa mgodi, kiwanda au bwawa, huweza kuitwaa kwa sheria nyingine. Mwaka 1907 kampuni ya chuma ya Tata ilianzishwa, ikajenga kiwanda chake mahali palipokuwa vijiji vya Sakchi. Leo ni mji mkubwa wa Jamshedpur. Baada ya uhuru yalijengwa mabwawa katika mto Damodar. Bwawa la Panchet lilipofunguliwa mwezi wa Desemba 1959, msichana Msantal mfanya kazi wa hapo, Budhni Mejhan, aliambiwa ampokee Waziri Mkuu Nehru kwa shada la maua, na yeye ndiye aliyebonyeza kitufe cha kuanzisha mitambo. Wazee wa kijiji wakasema kwamba kwa kutoa shada ameolewa na mtu asiye Msantal, wakamtenga. Alikaa maisha yake yote mbali na watu wake, hata alipokufa mwaka 2023. Taa ziliwaka katika miji ya mbali, naye aliyeziwasha akapoteza nyumba. Nadhani katika habari zote za mabwawa hakuna mfano ulio wazi kuliko huu.

Waliohama

Kuna jambo jingine ambalo daftari la jimbo halionyeshi. Tangu katikati ya karne ya 19, maelfu ya Wamunda, Waoraon, Wasantal na Wakharia walichukuliwa kwenda kulima chai katika mashamba ya Assam na Bengal ya kaskazini, kwa mikataba migumu. Watoto na wajukuu wao wako huko hata leo. Lakini huko Assam hawamo katika orodha ya makabila. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja alibaki Ranchi, babu wa mwingine alikwenda Assam: wa Ranchi huandikwa mtu wa kabila, wa Assam haandikwi, na haki zile hapati. Damu ni moja, lakini orodha hufuata mpaka wa jimbo. Wao wameomba kwa miaka mingi waandikwe.

Shule na makanisa

Tarehe 2 Novemba 1845 wamisionari wanne Wajerumani, waliotumwa na mchungaji Gossner wa Berlin, walifika Ranchi. Walifanya kazi karibu miaka mitano bila kupata mtu hata mmoja. Kisha tarehe 9 Juni 1850 Waoraon wanne wakabatizwa. Walimu wenzangu, tusome hapo habari ya subira.

Wakati wa vita kuu ya kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa. Wakristo wa Chota Nagpur wakabaki peke yao, na mwaka 1919 wakatangaza kwamba kanisa lao litajitawala. Wasomaji wa Tanganyika ya zamani watakumbuka kuwa kwetu nako, vita ile ile iliwaondoa wamisionari Wajerumani, na walimu Waafrika wakayashika makanisa. Watu wasiojuana kabisa walipewa mtihani mmoja katika miaka ile ile.

Kwa upande wa Wakatoliki, padre Constant Lievens, Mbelgiji, alifika Chota Nagpur mwaka 1885. Aliona kwamba watu wanapoteza mashamba yao mahakamani kwa kutojua sheria, akajifunza sheria akawasaidia katika kesi zao. Maelfu wakamfuata. Wengine husema walifuata mashamba wala si Injili. Lakini mtu mwenye njaa hatofautishi sana mkono umpao mkate na mkono umpao neno. Leo katika wilaya ya Simdega zaidi ya nusu ya watu ni Wakristo, ingawa katika jimbo zima ni watu 4 tu katika kila 100. Mwaka 2003 Askofu Mkuu wa Ranchi, Telesphore Toppo, mwana wa Waoraon, alifanywa kardinali.

Katika shule hizo alitoka pia Jaipal Singh Munda, mtoto wa kijiji cha Takra karibu na Khunti. Alisoma Oxford, akawa nahodha wa timu ya magongo ya Bara Hindi iliyoshinda dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928. Baadaye alifundisha katika chuo cha Achimota, Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Basi Waafrika nao walikaa miguuni pake. Alirudi kwao, na tangu mwaka 1939 akawaongoza Adivasi kudai jimbo lao. Alikufa mwaka 1970, miaka 30 kabla jimbo halijazaliwa.

Nani ahesabiwe, na kwa jina gani?

Watu wengi wa makabila ya Jharkhand si Wakristo wala Wahindu. Hushika dini ya wazee wao, iitwayo Sarna, kwa jina la kile kichaka cha miti ya sal ambacho wazee hawakukikata walipofyeka msitu. Katika karatasi za hesabu ya mwaka 2011 dini sita ndizo zilizopewa alama yake, na Sarna haikuwamo. Hata hivyo zaidi ya watu milioni 4 wa jimbo hili waliandikwa katika "dini nyingine," na karibu wote walitaja Sarna. Tarehe 11 Novemba 2020 baraza la jimbo lilikubali kwa sauti moja kuomba Sarna ipewe nafasi yake.

Pengine msomaji atauliza, "Mstari mmoja wa karatasi una uzito gani?" Uzito wake ni huu. Katika baraza la jimbo viti 28 kati ya 81 vimewekwa kwa watu wa makabila, na idadi ya viti hufuata idadi ya watu. Ulipofanywa mpango wa kugawa viti upya, ilionekana kuwa viti vyao vingepungua, na mwaka 2008 mpango huo ukasimamishwa kwa Jharkhand. Hesabu iliyokuwa ifanywe mwaka 2021 iliahirishwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kwamba nyingine itafanywa 2027. Kwa hiyo tarakimu nilizowapa za mwaka 2011 zitabadilika, na pamoja nazo huenda vikabadilika viti, na ulinzi wa mashamba, na nguvu ya kusema "hapana" wakati kampuni inapokuja na mashine zake.

Tena wengine wenye kelele katika siasa za huko hudai kwamba mtu wa kabila akiwa Mkristo aondolewe katika orodha ya makabila. Sheria ya leo haisemi hivyo. Mworaon ni Mworaon, akiomba kichakani au akiomba kanisani. Nasi tulio Wakristo tusifurahie haki ya Mkristo peke yake. Kama ni haki Mkristo asifutwe jina la kabila lake, ni haki vile vile mshika Sarna asifutwe jina la dini yake. Kipimo ni kimoja.

Ninyi walimu, mkifika kwenye somo la Bara Hindi, chukueni chaki mchore ubao. Wachoreeni watoto jimbo hili, mwandike Khunti 73, Koderma 1, kisha muwaulize ni kwa nini. Mtoto atakayeweza kujibu kwamba misitu, vita, sheria na migodi ndiyo iliyowapanga watu hivyo, huyo amejifunza jiografia kweli. Na wazazi nyumbani, mkisikia kwamba watu wa serikali wanakuja kuhesabu kijiji, msijifiche wala msiwafiche watoto. Watu wa Jharkhand walijifunza kwa gharama kubwa kwamba mtu asiyeandikwa ni rahisi kuhamishwa, na shamba lisiloandikwa ni rahisi kuchukuliwa.